Shangazi, chuma cha nyonga ya mama kinasagika?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Nakuandikia kuhusu mama yangu. Anaishi Ujiji na ana miaka 70. Mwaka 2007 aliteleza akishuka kwenye boti, akavunjika paja pale juu kabisa, karibu na nyonga. Alitibiwa lakini mfupa haukuunga vizuri, na baada ya mwaka na kitu tukaambiwa kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam. Aliuza kiwanja chake akampeleka mama India mwaka 2009, huko akawekewa nyonga ya bandia. Alirudi anatembea, Shangazi. Mtu aliyekuwa anajikokota na magongo mawili akaanza kwenda sokoni mwenyewe na dumu lake la mawese la lita tano.

Tangu mwezi wa pili mwaka huu mambo yamebadilika. Akiinuka kwenye kigoda anashika ukuta kwanza. Nimemsikia akihesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne. Hatua ya tano anaachia ukuta, anatembea kama hana tatizo. Akifika sokoni maumivu yanarudi, anasema ni ya paja, kwa mbele. Nikimuuliza ananijibu ni uzee. Dada yangu ndiye aliyemchimba hadi akasema: mama hataki kaka ajue, kwa sababu "ataona hela ya kiwanja chake imepotea." Anameza vidonge vya diklofenaki vya duka la dawa na jioni jirani anamkanda kwa mawese ya moto.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafungua injini ya mvuvi mmoja. Nililegeza boliti ya chini ya gia boksi, mafuta yakatoka yanametameta kama rangi ya kucha. Kwenye ncha ya boliti ile kuna sumaku ndogo, nayo ilikuwa imeota manyoya ya chuma. Fundi akiona hivyo hana haja ya kuuliza, ndani kuna gia inaliwa au beringi inakufa. Nilikaa pale mchangani nikamfikiria mama. Yule ana chuma kinachozunguka mwilini miaka 16 bila kumwaga mafuta hata mara moja.

Jioni nikaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp, na hapo ndipo nilipokosea. Kaka akajibu chuma cha hospitali hakiozi, niache kuwatia watu hofu. Dada akasema kuna tabibu wa mtaa wa Mwanga amemwambia damu ya mama imekikataa chuma na kitolewe. Binamu akatuma video ya mzungu anasema nyonga za chuma zinamwaga sumu ya kobalti kwenye damu hadi mtu anakuwa kiziwi. Mtoto wa dada akachukua sumaku ya spika ya redio mbovu akaiweka kwenye nyonga ya bibi yake. Haikushika, basi wakacheka wakasema hata chuma chenyewe hakimo, tuliibiwa.

Nijibu kama unavyomjibu fundi. Kinasagika au hakisagiki? Kama kinasagika, ule unga unakwenda wapi? Kitolewe? Na kaka nimwambieje bila kumvunjia mama siri yake? Makaratasi ya India sijui yalipo, isipokuwa bahasha kubwa ya kahawia yenye picha za eksirei, mama anailaza chini ya godoro ananyooshea vitenge vyake.

Fundi wa Boti, Kibirizi

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mama anaposhika ukuta na kuhesabu hadi nne. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi. Hesabu ile imeniambia mengi kuliko video ya binamu yako, basi acha nianzie hapo.

Nyonga ya bandia iliyoshika vizuri haimuumizi mtu kwa sababu tu ameinuka. Ikianza kulegea ndani ya mfupa, hatua za mwanzo ndizo zinazouma: uzito unaingia, chuma kinajisogeza kidogo kikitafuta pa kukaa, kikishapata, maumivu yanapoa. Akitembea sana yanarudi. Yakiwa ya paja kwa mbele, tunalishuku shina, yaani kile kipande kirefu kilichozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Yakiwa ya kinena, tunakishuku kikombe cha upande wa nyonga. Sisemi cha mama kimelegea, sijamwona. Ninachokuambia ni kwamba mambo haya hayaitwi uzee, na si ya kungojea mwakani.

Sasa swali lako. Ndiyo, kinasagika. Kila kiungo cha bandia kilichowahi kutengenezwa kinasagika, na waliokibuni walilijua hilo mapema sana. Nyonga ya kisasa imetokana na kazi ya daktari wa Uingereza aliyeitwa John Charnley. Mwanzo alitumia Tefloni, ile ile inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande. Ilikuwa laini na yenye utelezi, kila mtu akafurahi, na baada ya miaka michache tu ikawa imesagika vibaya, wagonjwa wamejaa uvimbe kuzunguka kiungo na ikabidi wafunguliwe tena. Charnley alijidunga mwenyewe vipande vya Tefloni kwenye paja ili aone mwili unavipokeaje. (Madaktari wa siku hizi wangeandikiwa barua ya onyo.) Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu iitwayo polietilini, na hiyo ndiyo iliyobeba nyonga za dunia hadi leo: mpira wa chuma unazunguka ndani ya kikombe cha plastiki.

Wewe unajua kwamba vitu viwili vikisuguana, kilicho laini ndicho kinachoutoa unga mwingi. Plastiki ya kizazi cha zamani ilikuwa inaliwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Unaona ni kidogo? Zidisha kwa miaka 16. Plastiki iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo huimarishwa kwa mionzi, inaliwa kidogo zaidi. Kisha kuna nyonga za aina nyingine, ambazo mpira ni chuma na kikombe nacho ni chuma. Hizo zilirudi kwa kishindo miaka ya 1990 na 2000 kwa sababu watu walisema: kama tatizo ni plastiki, tuitoe plastiki. Unga wake kwa uzito ni mdogo. Kwa idadi ya punje ni mwingi kupindukia, kwa kuwa kila punje ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele.

Na unga huo unakwenda wapi? Hapa ndipo gia boksi yako inapoachana na mwili. Kwenye injini, unga wa chuma ukizidi unakwaruza gia nyingine, madhara ni ya msuguano. Mwilini unga haumkwaruzi mtu. Mwili una wafagizi wake, seli zinazoitwa makrofaji, kazi yao ni kumeza takataka, vijidudu na seli zilizokufa. Zikikutana na punje ya plastiki au ya chuma zinaimeza kama zilivyozoea. Ila punje haimeng'enyeki. Mfagizi amejaza tumbo na hawezi kutapika, basi anapiga kelele: anamwaga kemikali za kuita msaada, wanakuja wengine, nao wanameza, nao wanapiga kelele. Kelele hizo zinawafikia wasiohusika, seli zinazobomoa mfupa.

Maana mfupa, mwanangu, si jiwe. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo, kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila kiangazi. Wabomoaji wanaitwa osteoklasti na wajenzi osteoblasti. Zile kelele zinawaamsha wabomoaji kupita kiasi, na punje za chuma zinawafanya wajenzi wazembee pia. Mfupa uliokuwa umelikumbatia shina unaanza kuachia, panabaki mapango yenye ute na nyama laini, na shina linaanza kucheza. Kwa hiyo ukimwambia kaka yako "chuma kimeoza" atakuwa na haki ya kukukatalia. Chuma kinaweza kuwa kizima kabisa. Kinacholiwa ni mfupa wa mama, na anayeula ni mwili wa mama mwenyewe.

Wataalamu nao walipotea njia hapa kwa muda mrefu. Nyonga nyingi za zamani zilishikizwa kwa saruji ya mfupa, na walipoona mapango kwenye eksirei wakailaumu saruji, wakauita ugonjwa wa saruji. Wakatengeneza nyonga zisizotumia saruji. Mapango yakaja vile vile. Ndipo wakakubali kwamba mkosaji mkubwa alikuwa ule unga, hasa wa plastiki. Nakuambia haya ili usimcheke sana dada yako na tabibu wake, kwa kuwa hata wenye maabara walimshika mtu asiye na kosa.

Na tabibu mwenyewe, hapo alipogusa "damu imekikataa chuma", hakupiga hewani kabisa. Nyonga za chuma kwa chuma zina jambo lake la ziada. Punje zile huyeyuka kidogo na kuacha kobalti na kromiamu kwenye maji ya mwili. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili inazichukia, nyama za kuzunguka kiungo zinavimba na kufa, na wakati mwingine panaota uvimbe kwenye kinena ambao ukiushika unadhani ni saratani, kumbe siyo. Kukwanguka huku na kutu yake huweza kutokea pia pale mpira unapochomekwa kwenye shingo ya shina, hata kama kikombe ni cha plastiki. Ila kutoka hapo hadi "kitolewe" ni safari ndefu, na tabibu wa Mwanga hana chumba cha upasuaji.

Video ya binamu nayo ina ukweli uliokaangwa kwa mafuta mengi. Kobalti unaijua, ni madini yale yale ya betri za simu, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka huko Kongo ng'ambo ya ziwa lenu. Ikizidi sana mwilini inaweza kuharibu masikio, macho, moyo na tezi ya shingoni. Wapo wagonjwa waliopata hayo, lakini ni wachache sana ukilinganisha na waliowekewa viungo. Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu nyonga za chuma kwa chuma mwezi Aprili 2010, na Agosti mwaka huo kampuni moja kubwa ikaiita irudi aina yake moja iliyokuwa imeshauzwa nchi nyingi. Mamlaka za Uingereza ziliweka mikrogramu 7 za kobalti au kromiamu kwa lita moja ya damu kuwa kiwango cha kumfanya daktari amfuatilie mtu kwa karibu. Kupita hapo hakumaanishi sumu, kunamaanisha chunguza zaidi. Mtu mwenye kikombe cha plastiki kwa kawaida hahitaji kipimo hicho kabisa.

Sasa angalia tarehe. Mama aliwekewa nyonga 2009, mwaka mmoja kabla ya tahadhari, wakati chuma kwa chuma bado kinauzwa sehemu nyingi. Inawezekana anayo hiyo, inawezekana ana plastiki kama watu wengi. Majibu ya karibu maswali yako yote yanategemea jambo hili moja, na huenda jibu limelala chini ya godoro.

Itoe hiyo bahasha. Omba ruhusa kwanza, na vitenge virudishe vilivyokuwa. Ndani, mbali na picha, tafuta karatasi ya kuruhusiwa hospitali yenye stika ndogo ndogo za kubandika, zina jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ndefu. Kila kipande kilichoingia mwilini huwa na stika yake, na mara nyingi hubandikwa kwenye karatasi anayopewa mgonjwa. Usipoiona, mpigie kaka, huenda ameiweka na hati zake. Hapo utakuwa umepata na sababu ya kuanza mazungumzo, nitarudi kwenye hilo.

Kisha ishike picha dirishani asubuhi. Plastiki haionekani kwenye eksirei. Kwa hiyo kama kati ya mpira na kikombe cha chuma unaona utepe mweusi, au badala ya kikombe unaona waya mwembamba tu kama pete, hapo pana plastiki. Kama mpira ni mkubwa na umejaa kikombe chote, cheupe kwa cheupe bila nafasi, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona. Usijipe udaktari, lakini fundi ana jicho. Na daktari akipata picha ya 2009 na ya leo ataziweka pamoja: mpira uko katikati ya kikombe au umepanda juu? Shina liko pale pale au limezama? Pana ukanda mweusi kati ya chuma na mfupa? Picha moja peke yake inasema kidogo. Mbili zilizopishana miaka 16 zinasema karibu kila kitu, ndiyo maana nyumbani kwenu kitu cha thamani kuliko vyote kwa sasa ni hicho mama anachonyooshea vitenge.

Kuhusu sumaku ya spika, mwambieni mtoto hamkuibiwa. Viungo hivi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, au kwa titaniamu, na vyote viwili sumaku haivishiki. Jaribio lake lilikuwa zuri, alikosa tu kujua aina ya chuma.

Mpeleke mama hospitali ya Maweni wiki hii, si mwezi ujao. Apigwe eksirei ya nyonga zote mbili, pamoja na picha ya paja inayoonyesha shina lote hadi ncha yake. Hili lisisitize, nimeona watu wakirudishwa kutoka mbali kwa sababu picha ilikata shina katikati. Apimwe damu kuangalia uambukizi. Hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kuzungumza unga wowote, kwa sababu usaha wa polepole kwenye kiungo unaweza kuuma vile vile bila homa kali, na tiba yake ni tofauti kabisa. Daktari anaweza kutaka kuvuta maji ya kiungo kwa sindano. Ndiyo maana nakukataza kabisa kumnunulia antibayotiki za "kujaribu": zinavificha vijidudu na maji yakivutwa yanaonekana safi. Muulizeni pia figo zake, kwani kobalti hutoka kwa mkojo. Zile diklofenaki za kila siku kwa mtu wa miaka 70 ziacheni hadi daktari aseme. Parasetamo kwa kipimo chake inatosha kumvusha siku hizi.

Jirani apumzike kumkanda. Mawese ya moto hayana ubaya kwenye ngozi, ubaya ni kuuvuta na kuukunja mguu. Kama mfupa umekuwa na mapango, mkono wenye nia njema unaweza kuuvunja au kuichomoa nyonga. Na mpe mkongojo, aushike kwa mkono wa upande ulio mzima, siyo upande unaouma. Watu wengi wanakosea hapo. Akiushika upande ulio mzima, uzito unapungua kwenye nyonga mbovu. Kigoda nacho kipumzike, akalie kiti kirefu.

Siku akishindwa ghafla kukanyaga, au mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, hiyo siyo ya wiki hii. Ni ya saa hiyo hiyo.

Kutoka Maweni mtapewa rufaa, nadhani hospitali ya Bugando kule Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mkiamua mama akae kwa kaka Dar. Basi la Mwanza linapita Kasulu na Kibondo. Busisi sasa kuna daraja, mateso ya kusubiri kivuko yamekwisha. Njiani ashuke, anyooke kila mnaposimama. Wakikuta nyonga imelegea kweli, watazungumza kuhusu upasuaji wa marudio. Sitakudanganya, ni mkubwa kuliko wa kwanza, mrefu zaidi, ghali zaidi, na pengine watahitaji kujazia mfupa mahali ulipoliwa. Mfupa uliobaki mwingi unarahisisha kazi. Uliobaki maganda unaigeuza kuwa vita. Wakikuta haijalegea ila mapango yameanza, huenda wakaamua kumfuatilia kwa picha kila mwaka. Kikombe kinaweza kubadilishwa plastiki yake tu kabla shina halijaguswa. Kinachonikera katika nchi yetu ni kwamba mtu akishatembea hatumwoni tena hadi achechemee, wakati mapango haya kwa miaka hayaumi hata kidogo. Mama alitakiwa apigwe picha kila baada ya muda hata alipokuwa anabeba dumu lake. Hakuna aliyewaambia, na hilo si kosa lenu.

Sasa la kaka. Mama anaficha maumivu kwa kumheshimu mwanawe, na wewe unataka kusema bila kumvunjia siri. Usiiseme siri. Usirudi tena kwenye grupu. Mpigie simu, wawili tu, mwanzo umwombe karatasi ya stika. Atauliza ya nini. Mwambie nyonga imefikisha miaka 16 na ni muda wa kuikagua, kama injini yoyote. Hilo ni kweli tupu, hujamtaja mama kulia wala kuhesabu hatua. Kisha mpe hesabu hii: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kutoka nchi zinazoandika kila nyonga inayowekwa ulionyesha kwamba kati ya nyonga 100, zipatazo 89 bado zinafanya kazi baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Ya mama imeshavuka miaka 15, tena kwa mwanamke anayepanda kilima cha Ujiji na dumu kichwani. Kiwanja kile kimezaa miaka 16 ya mama kwenda sokoni kwa miguu yake. Kaka akilisikia hivyo hataona hela imepotea, na ataacha kuutetea huo msemo wa chuma hakiozi. Nahisi anautetea kwa sababu anaogopa kuliko ninyi wote.

Na mama umwambie wewe, si dada. Kaa naye pale pale ukutani. Mwambie umemsikia akihesabu. Akisema ni uzee, muulize mbona mguu wa pili una umri ule ule na hauhesabiwi.

Safarini picha zisikunjwe wala kuwekwa chini ya mizigo, na zisilowe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, basi zifungie kwenye kimojawapo cha vile vitenge, azipakate mama mwenyewe.

Shangazi